Vilinganishwe Kabla ya Kununuliwa

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Mtu aliyeitumikia serikali miaka ishirini na sita akiandika kumbukumbu za vikao haogopi kitu, labda kalamu kuishiwa wino mbele ya Waziri. Siitaji kwa adabu tu. Aliyewahi kuishi humo ataitambua bila kuambiwa, na ambaye hajawahi kuishi humo amshukuru Mola wake, kisha aendelee kusoma.

Ilikuwa nchi yenye mpangilio. Ilikuwa na Wizara ya Mambo ya Jana, iliyoshughulikia pongezi, na Wizara ya Mambo ya Leo, iliyofungwa kwa ukarabati, na Wizara ya Mambo ya Kesho, ambayo ndiyo iliyoniajiri mimi. Kaulimbiu yetu ilikuwa juu ya lango kwa herufi za shaba: KESHO IPO. Waziri wetu, Mheshimiwa Mtakuja Sekivunga, aliipita kila asubuhi saa tano akiingia kazini, na hakuna siku niliyomsikia akiipinga.

Kazi kubwa ya Wizara ilikuwa kutabiri mvua. Chini ya milima yetu kuna Bonde la Kirungu, penye mpunga mzuri, mto uitwao Mnyeko, na watu elfu mbili na mia moja na ushei. Mto ule ni mpole miezi kumi ya mwaka, lakini masika yakishika huingia majumbani bila kupiga hodi. Zamani watu wa Kirungu walikuwa wakitazama wenyewe rangi ya maji, wakitazama siafu wanavyohamisha mayai, halafu wanabeba watoto na mbuzi na kupanda Kilimani. Serikali iliona huo ni ushamba. Ikatunga Sheria ya Kutabiri kwa Kibali, na tangu hapo ikawa marufuku kwa raia kusema kesho kutakuwaje. Mzee mmoja alifungwa miezi mitatu kwa kusema "naona mawingu", na hakimu alimpunguzia adhabu kwa kuwa hakutaja ni mawingu ya nini.

Njia ya kupanda Kilimani nayo ikawekewa kizuizi, kibanda na askari wawili. Ili upite na godoro lako sharti uonyeshe utabiri wa Wizara wenye muhuri, maana kuhama ovyo kunaharibu takwimu. Kwa hiyo maisha ya watu wa Kirungu yalikuwa salama kabisa, ilimradi karatasi ifike kabla ya maji.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo dogo.

* * *

Wizara ilikuwa na seva moja, kabati la chuma lililovuma mchana kutwa katika chumba cha mitambo, na ndilo lililopiga hesabu za mvua. Ubongo wake, ule wanaouita kichakataji, ulinunuliwa zama ambazo Waziri alikuwa bado ana nywele. Ukiupa hesabu ya hali ya hewa ya kesho, ulichukua saa hamsini na moja kuimaliza. Utabiri wa kesho ukawa unatoka keshokutwa.

Sisi hatukuona ubaya. Utabiri ule ulikuwa sahihi kila siku, na kwa miaka minne mfululizo Wizara ilijitunuku Nishani ya Usahihi. Wataalamu kutoka nchi jirani walikuja kushangaa.

Ambaye hakufurahi ni Mhandisi Nyamizi Kalekwa, msimamizi wa mitambo, mwanamke mfupi mwenye haraka, ambaye hata chai aliinywa akiwa amesimama. Yeye ni mzaliwa wa Kirungu. Mama yake alifariki angali mchanga, akalelewa na dada wa mama yake, Bi. Sikudhani, ambaye bado alikuwa akilima mpunga kule kando ya mto. Ndiyo maana, nadhani, hakuweza kulitazama suala hili kwa utulivu kama wenzake.

Nyamizi akaandika kuomba seva mpya. Sokoni, alisema, kulikuwa na vichakataji viwili vyenye sifa kubwa. Kimoja kiliitwa Tufani, kingine Jabali. Akawaomba mawakala wa kampuni zote mbili walete kila mmoja seva moja ya majaribio, akazipa zote hesabu ileile ya mvua za Kirungu, akakaa na saa yake mkononi. Ripoti yake ilikuwa na ukurasa mmoja. Hatukuwa na jalada jembamba kiasi hicho, ikabidi tuiongezee karatasi tupu kumi na mbili ili isimwaibishe.

Waziri akaipokea, akaiweka mezani mwezi mzima ili ipoe, kisha akaandika pembeni kwa mkono wake mwenyewe: "Nimeona. Vilinganishwe kabla ya kununuliwa. Haraka haraka haina baraka."

Kwa agizo hilo la maneno manane, tukiacha methali, iliundwa Tume ya watu tisa chini ya Jaji Mstaafu Ndimangwa. Wote tisa hawakuwa wamewahi kugusa kompyuta, jambo lililowaweka mbali na kila aina ya upendeleo. Nami nikateuliwa Katibu.

Samahani. Nimeyahesabu tena maneno ya agizo, ni manne. Manane yalikuwa magari ya Tume.

* * *

Kikao cha kwanza kilifunguliwa kwa sala, kisha kwa wimbo wa taifa, kisha kwa maandazi. Nyamizi akasimama kueleza.

"Waheshimiwa, kichakataji kina viini ndani yake. Kila kiini kinapiga hesabu yake, vyote kwa pamoja. Jabali ina viini sitini na vinne. Tufani ina tisini na sita."

"Ngoja hapo," akasema mjumbe mmoja aliyewahi kuwa mkuu wa mifugo. "Yai lenye viini viwili nimeliona kwa macho yangu. Sitini na vinne ni kuku gani?"

Tukapumzika nusu saa ili jambo hilo lieleweke. Halikueleweka, lakini lilipigiwa kura.

Nyamizi akaendelea. Tufani ilimaliza hesabu ya Kirungu kwa saa tatu. Jabali, kwa kuwa viini vyake ni vichache ingawa kila kimoja kina mbio zaidi, ilimaliza kwa saa nne na dakika kumi. Lakini bei ya Tufani ilikuwa karibu mara mbili ya mwenzake, nayo ilikunywa umeme bila huruma na kutoa joto la kuchemshia maharage.

"Kwa pesa tutakayotoa, Jabali inatupa kazi zaidi," akasema. "Mimi ningechukua Jabali. Ila wazee wangu, nawasihi, hata mkichukua Tufani sitalalamika. Yoyote kati ya hizi itatoa utabiri wa kesho leo hii, kabla ya adhuhuri. Masika yamebakiza wiki sita."

Jaji Ndimangwa alikuwa mtu wa kusikiliza akiwa amefumba macho, na wakati mwingine hata baada ya msemaji kukaa. Alipoyafumbua aliomba agizo la Waziri, akalisoma kwa sauti mara tatu, kila mara akilisikitikia zaidi.

"Binti yangu," akasema, "Mheshimiwa Waziri ameandika *vilinganishwe*. Turudi shuleni kidogo. Kulingana ni nini? Ni kuwa sawa. Ukioanisha, umefanya viwili vioane. Ukipatanisha, umefanya waliogombana wapatane. Sasa ukilinganisha umefanya nini? Umefanya vilingane! Wewe hapa umetuletea tofauti. Sitini na vinne, tisini na sita. Saa tatu, saa nne na kitu. Ukurasa mzima ni tofauti tupu! Nani alikuagiza tofauti?"

"Mheshimiwa Jaji, kulinganisha ni kuviweka pamoja ujue kipi bora."

"Huko ni kupambanua. Kupambanua kuna tume yake, na haijaundwa."

Wajumbe wakagonga meza kwa furaha. Mimi niliandika hoja ile kwa wino mwekundu na kupiga mistari miwili chini yake. Nakiri kwamba nilijua, kama kila mtu chumbani alivyojua, maana ya neno lile sokoni, nyumbani na shuleni. Lakini ilikuwa hoja tamu, na Jaji alikuwa na magari manane.

* * *

Tume ikaanza kazi ya kuvilinganisha, na ninaweza kusema sijawahi kuona watumishi wa umma wakichapa kazi namna ile.

Kwanza viini. Tufani ilizidi kwa viini thelathini na viwili, navyo vikastaafishwa kwa manufaa ya umma. Kila kimoja kiliandikiwa barua. Aliyevizima ni Nyamizi mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejua pa kubonyeza, na alibonyeza kama mtu anayemfungia mbuzi wake mchinjaji.

Pili bei. Hapa pangeweza kuzuka mvutano, kwa kuwa kuna nchi ambazo zingemwambia wakala wa Tufani ashushe. Jaji alisema kushusha ni kumdhalilisha mfanyabiashara. Wakala wa Jabali ndiye aliyeitwa na kuamriwa apandishe bei yake mpaka imfikie mwenzake. Maskini alitokwa na machozi. Akasema amezunguka nchi kumi na moja akiuza mitambo na hajaona serikali yenye haki kama hii. Akaapa bintiye atakayezaliwa atamwita Tume.

Tatu joto. Jabali ilikuwa ya baridi mno ikiwekwa karibu na Tufani, ikafunikwa blanketi. Lilikuwa blanketi zuri la sufu, ninavyo viambatisho vyake vyote.

Siku moja ya Ijumaa nilikuwa katika chumba hicho cha mitambo nikiandika idadi ya viini vilivyobaki, Nyamizi akiwa amepiga magoti nyuma ya seva. Simu yake ikalia. Alikuwa na mikono michafu kwa vumbi, akaiweka sakafuni, sauti ikasikika chumba kizima.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na hiyo mashine yako?"

"Sijambo. Wanaendelea nayo."

"Wanaendelea nayo vipi tangu Mfungo Mosi? Mtoto angekuwa ameshatambaa." Bi. Sikudhani akacheka, kisha akapunguza sauti. "Nyamizi, siafu wamehama juzi. Wote. Wamepita hapa uani na mayai yao mchana kweupe. Sikusema kitu kwa mtu, nisije nikaozea jela uzeeni."

"Mama Mkubwa, si ungekuja ukae kwangu huku mjini kwa muda?"

"Nije na nani? Na mpunga nimwachie nani, ndege? Wewe niletee karatasi. Karatasi ikija, napanda Kilimani na wenzangu wote, godoro kichwani, tunapita tunawapigia saluti hao askari."

Nyamizi akaifuta simu kwa upindo wa gauni, akanitazama.

"Umesikia, kaka?"

"Nimesikia," nikasema. "Lakini usiogope, sitaandika hayo ya siafu. Ni kosa la jinai."

Nilidhani nimemtendea wema. Yeye alirudi nyuma ya seva bila kunishukuru, nikasema moyoni kwamba vijana wa siku hizi hawana shukrani.

* * *

Wiki ya tano Waziri alikuja kukagua. Tume ilijipanga mstari mmoja. Jaji akasoma taarifa: viini sawa, bei sawa, joto sawa. Hesabu ya Kirungu sasa ilichukua saa nne na dakika hamsini kwa kila mashine, kwa sababu Jabali nayo ilipunguzwa mwendo kidogo isije ikajiona.

Mheshimiwa Mtakuja alitembea akizizunguka mashine zile mbili, mikono nyuma. Akasimama mbele ya ile seva kuukuu, iliyokuwa ikivuma pembeni.

"Na huyu mzee je?"

"Huyo ni wa zamani, Mheshimiwa," akasema Nyamizi. "Ndiye tunayetaka kumpumzisha."

"Anachukua muda gani?"

"Saa hamsini na moja."

Waziri akatikisa kichwa kwa uchungu. Kisha akatoa hotuba ambayo sitathubutu kuifupisha isipokuwa mahali alipokohoa.

"Ndugu zangu, sisi si taifa la kudharau waliotutangulia! Mashine hii imelitumikia taifa hili miaka kumi na tano bila kuomba likizo. Leo waje wageni wawili, hata chai hawajanywa, wampite mbio mwenyeji wao ndani ya nyumba yake? Mgeni hamtangulii mwenyeji kuingia ndani! Nilisema vilinganishwe. Sikusema viwili. Nilisema *vi*, na *vi* ni vingi!"

Jaji Ndimangwa alilia waziwazi. Alisema katika miaka arobaini ya sheria hajawahi kuona kiambishi kikitumiwa kwa ujasiri namna ile.

Nyamizi akaagizwa azipunguze mashine mpya mpaka zichukue saa hamsini na moja. Alikataa. Akaambiwa kuna kijana wa karakana ya redio anayeweza kuifanya kwa nyundo. Akaifanya yeye, kwa kuzima viini na kupunguza mapigo yake kidogo kidogo, ili angalau visivunjike na siku moja viweze kuamshwa.

Jaribio la mwisho lilifanywa kwa hesabu ya mwaka wa nyuma. Tume nzima ilikaa zamu. Saa ya hamsini na moja, mashine tatu zilitoa karatasi kwa mpigo mmoja, na karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale. Watu walikumbatiana.

Sasa kwa kuwa zililingana, hapakuwa na sababu ya kuchagua moja na kuiacha nyingine. Kuchagua kungekuwa upendeleo. Ikaamuliwa ifanyike kwanza Sherehe ya Ulingano, siku ya Jumatano, halafu iundwe Tume ya Kupambanua. Zile mbili mpya zikahamishiwa ukumbini, zikapambwa utepe na kuunganishwa umeme ili taa zake ziwake mbele ya wageni. Ukumbi ukafungwa, na ufunguo nikakabidhiwa mimi, kwa saini.

* * *

Jumapili ya kabla ya sherehe nilikuwa kazini. Nilikuwa napanga viti kwenye ubaraza wa ukumbi kwa kufuata vyeo, kazi ambayo huwezi kuiachia mtu yeyote. Saa tatu na nusu asubuhi Nyamizi akaja akikimbia, karatasi mkononi, kitambaa cha kichwa kimelegea.

"Kaka, vipimo vya milimani vimeingia. Sijawahi kuona namba kama hizi. Nifungulie ukumbi."

"Salama, dada? Umeamkaje?"

"Nifungulie. Naamsha Tufani nzima, viini vyake vyote. Saa tatu tu. Saa saba mchana nina karatasi, wewe una muhuri, gari linafika Kirungu kabla ya magharibi. Nikimaliza narudisha kila kitu. Hakuna atakayejua."

"Una kibali?"

"Sina."

"Basi andika barua."

"Kwa nani? Leo Jumapili!"

"Kwa Mwenyekiti wa Tume, kupitia kwangu. Hapo utakuwa umefuata njia."

Alinitazama kwanza kama haelewi. Kisha akaketi kwenye kiti cha Naibu Katibu Mkuu, akaandika. Niliisoma barua yake, nikamsahihishia neno moja alilokosea herufi, nikaigonga muhuri IMEPOKELEWA na kuiweka kwenye trei.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa tunasubiri. Mwenyekiti anaingia Jumatano."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shati langu. Aliuona, maana mfuko wenyewe ulikuwa mwepesi. Sikuwa mtu mbaya, na sikuwa namchukia. Nilikuwa nimeusainia tu.

Akaenda kuipa hesabu ile mashine kuukuu, saa nne kamili, kwa sababu ndiyo pekee iliyoruhusiwa. Kisha akampigia shangazi... nasema vibaya, mama yake mkubwa. Alisimama palepale ubarazani, sidhani kama alikumbuka kwamba nipo.

"Mama Mkubwa, pandeni leo."

"Karatasi imetoka?"

"Bado. Pandeni tu. Waambie na wengine."

"Watatupitisha, mwanangu?"

"Mwambieni askari nimesema mimi."

Yaliyofuata nimeyasoma kwenye daftari la kizuizini, lililoletwa baadaye Wizarani kama mfano wa utunzaji bora wa nyaraka. Mwandiko wake ni mzuri sana. "Jumapili, saa kumi na moja jioni. Wamefika watu themanini na watatu na mizigo, wakiongozwa na bibi mmoja, hawana utabiri. Bibi anadai ameambiwa na mwanawe. Ameulizwa kama mwanawe ana muhuri, akasema hana. Wamerudishwa kwa amani."

Mto Mnyeko uliingia Kirungu kesho yake, Jumatatu, saa tisa alasiri.

* * *

Jumanne saa saba mchana mashine kuukuu ilimaliza hesabu yake na kutoa karatasi: "Jumatatu kuanzia saa tisa alasiri Mto Mnyeko utapanda mita nne. Wakazi wote wa bonde wahame mapema."

Ilikuwa sahihi kwa siku, kwa saa na kwa mita. Waziri aliita waandishi wa habari. Alieleza masikitiko yake, kisha fahari yake, na fahari ikachukua muda mrefu zaidi. Akaagiza utabiri ugongwe muhuri upelekwe kubandikwa kizuizini, kama sheria inavyotaka. Kizuizi kilikuwa kimechukuliwa na maji, kwa hiyo dereva akaubandika kwenye nguzo ya umeme iliyobaki. Sherehe ya Ulingano nayo iliahirishwa kwa heshima ya marehemu mpaka Alhamisi.

Siku ya tisa baada ya mafuriko Tume ikaitwa tena. Tulikuwa tumejijengea jina, ikaonekana hakuna chombo kingine kinachofaa kwa kazi iliyobaki. Kulikuwa na orodha mbili. Moja ilikuwa ya wakazi wa Kirungu kabla ya mafuriko, majina elfu mbili mia moja na kumi na manne. Ya pili ilikuwa ya waliohesabiwa kambini Kilimani, majina elfu moja mia nane tisini na saba. Waziri aliandika pembeni neno moja: "Zilinganishwe."

Jaji akasema njia ni nyepesi. Majina hayawezi kuongezwa kwenye orodha ya pili, hivyo yapunguzwe kwenye ya kwanza.

Nyamizi aliitwa kwa kuwa anawajua watu wa kule. Nilisoma mimi orodha ya kwanza. Yeye akitazama ya pili alijibu "yupo", nikaliacha jina, au "hayupo", nikalipiga mstari kwa rula. Tulienda hivyo asubuhi nzima. Wajumbe wawili walisinzia. Sauti yake haikupanda wala haikushuka.

"Sikudhani binti Mgaya," nikasoma.

Nyamizi akaacha kutazama orodha yake.

"Binti," akasema Jaji, "yupo au hayupo?"

"Alifika kizuizini Jumapili."

"Hilo sikukuuliza."

Nyamizi akatazama orodha yake, ingawa nadhani hakuhitaji kuitazama.

"Hayupo."

Nikaweka rula chini ya jina. Mstari ukapinda, mstari wangu wa kwanza kupinda katika miaka ishirini na sita. Niliona aibu. Natafuta neno la kikazi la jambo hilo na silipati, basi liwe hilohilo: niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na bado yalibaki majina mia tatu na arobaini ya kusoma, nikayasoma.

Tulipofika mwisho Jaji Ndimangwa akavaa miwani.

"Katibu, zimelingana?"

Kwa hesabu zilikuwa sawa kabisa, elfu moja mia nane tisini na saba huku na huku. Nikasimama kujibu kama ilivyo desturi. Sijui nilitoa wapi nilichosema.

"Hazijalingana, Mheshimiwa. Watu mia mbili na kumi na saba wamekufa maji, na Tufani ilikuwa pale ukumbini inawaka taa, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Na kulinganisha maana yake ni ile aliyoisema Mhandisi siku ya kwanza. Wote humu tulikuwa tunaijua."

Walioamka waliwaamsha waliolala. Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama kwa upole wa mtu anayetazama kiti kilichovunjika mguu.

"Hayo yasiandikwe," akasema.

"Nimeshayaandika, Mheshimiwa."

"Basi ukurasa huo uchanwe. Tukanywe chai."

Wakatoka mmoja mmoja kwa kufuata vyeo. Ndiyo siku niliyostaafishwa kwa manufaa ya umma, barua yangu ilikuwa na maneno yaleyale waliyoandikiwa vile viini, lakini hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilibaki mle ndani na Nyamizi tu. Alikuwa anakunja karatasi zake taratibu, yule ambaye siku zote alikuwa na haraka. Nikamsogelea. Nisidanganye, nilikuwa najiona nimekuwa mtu. Nadhani nilitegemea anishike mkono.

"Dada, leo nimesema kweli," nikamwambia.

Aliinua macho. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Kweli kabisa, kaka," akasema. "Ungeisema Jumapili."